Kiwanja cha Mbali au Chumba cha Karibu?

Mdogo wangu na mumewe wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili huko Manzese, jijini Dar es Salaam. Nyumba yenyewe ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na kila chumba kina familia yake. Uani kuna choo kimoja, bafu moja, na meko ya wapangaji wote. Watoto wao watatu hulala nyuma ya pazia. Nilipokwenda kuwatazama mara ya mwisho nilimkuta shemeji yangu amekunjua karatasi juu ya meza, na karatasi hiyo ilikuwa mchoro wa viwanja vilivyopimwa Kibamba, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Walikuwa wameweka akiba kwa miaka sita.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Tushauri basi. Tukajenge huko, au tuendelee kubanana hapa karibu na kituo?"

Sikumjibu usiku ule. Lakini swali lake halikunitoka moyoni, kwa maana si swali la nyumba moja tu. Ndilo swali linaloukabili kila mji unaokua, na sisi majirani wa Tanzania tunalo pia katika miji yetu, ingawa bado hatujalitamka kwa sauti. Watu wapya wanakuja, watoto wa mjini nao wanakua na kuoa. Nyumba lazima zijengwe. Je, zijengwe wapi?

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa mkoa huo 4,364,541, na sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu 5,383,728. Yaani katika muda wa miaka kumi liliongezeka jiji zima la watu milioni moja ndani ya jiji lililokuwapo. Wengi wao hawakukaa katikati. Walikwenda pembezoni, Chanika, Chamazi, Bunju, Goba, Mbezi, kila familia ikikata kichaka chake na kusimamisha nyumba yake ya matofali ya saruji, chumba kwa chumba, mwaka hadi mwaka.

Katika miaka hiyo hiyo jiji lilifanya jambo kubwa. Mwezi Mei 2016 yalianza kwenda yale mabasi marefu ambayo wananchi waliyabatiza jina la mwendokasi. Yalijengewa njia yao ya pekee katikati ya Barabara ya Morogoro, isiyoingiliwa na magari mengine, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi mawili, moja la Morocco na moja la Kariakoo. Njia yote ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 21, na vituo vyake vikajengwa kwa sakafu iliyo sawa na mlango wa basi, hata mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo wakaweza kuingia bila kupanda ngazi. Baadaye ikaanza kujengwa njia ya pili, ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, na nyingine kuelekea Gongo la Mboto. Kwamba mabasi yalikuwa machache kuliko abiria, na kwamba watu walisongamana vituoni hata wengine wakapitia madirishani, hilo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua na wala silifichi. Lakini basi laweza kununuliwa mwaka huu au mwaka ujao. Barabara ikishajengwa haihamishiki, na kilichojengwa kando yake hukaa miaka mia.

Usiku wa pili nililala Kibamba kwa rafiki ya mdogo wangu, mama mmoja aliyehamia huko na familia yake. Ana nyumba nzuri. Ana vyumba vitatu, kisima, mipapai na kuku, na hewa ya huko ni safi kuliko ya mjini. Nilimwonea wivu mpaka saa kumi na nusu ya alfajiri, nilipomsikia akikoroga uji gizani. Saa kumi na moja mwanawe wa sekondari alikuwa amekwisha kutoka. Saa kumi na moja na robo akaondoka mumewe juu ya bodaboda, ili afike barabara kuu, apande daladala, kisha ashuke Kimara apange foleni ya mwendokasi. Mama yule akaniambia kwamba mtoto wake mdogo humwona baba yake akiwa macho siku ya Jumapili tu.

Mama wa nyumbani anajua kufanya hesabu kuliko mtu wa ofisini, kwa hiyo na tuifanye. Mwaka 2016 nauli ya njia kuu ya mwendokasi iliwekwa shilingi 650. Mfanyakazi akienda na kurudi kwa siku 26 za mwezi alitumia shilingi 33,800. Aliyelazimika kupanda kwanza basi la njia ndogo alilipa shilingi 800 kwa safari nzima, yaani shilingi 41,600 kwa mwezi. Hapo tofauti bado si kubwa. Ongeza sasa bodaboda ya asubuhi na jioni, tuseme kwa mfano shilingi 1,000 kila safari, na mara moja zimeongezeka shilingi 52,000. Wakiwa wawili katika nyumba wanaofanya kazi mjini, nauli inakula kodi ya chumba. Kisha hesabu saa. Saa moja zaidi asubuhi na saa moja zaidi jioni ni saa 52 kwa mwezi, zaidi ya juma zima la kazi. Hakuna mwajiri anayezilipa saa hizo, na hakuna duka linaloziuza.

Ndiyo maana wataalamu wa mipango miji huanza na miguu ya binadamu. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 500 kwa dakika sita au saba, na mita 800 kwa dakika kumi. Zaidi ya hapo, hasa jua likiwa kali au mvua ya masika ikinyesha, hutafuta chombo. Ukiweka kituo katikati na kuchora duara la mita 500, duara hilo lina hekta 78 hivi. Ardhi iliyo ndani yake ina thamani isiyolingana na ya mahali pengine popote, kwa sababu kodi ya wananchi imekwisha kuipatia barabara, taa na usafiri. Kuiacha iwe na maghala yasiyotumika, au maegesho ya malori, au bustani ya nyumba moja ya mkubwa, ni sawa na kupika sufuria nzima ya pilau na kumpakulia mtu mmoja.

Msomaji atauliza, je, ardhi hiyo si imekwisha kujaa? Ukitoka Kimara kuja mjini unapita Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni, na kote unaona mabati yamegusana. Ni kweli, lakini yatazame yalivyo. Karibu yote ni nyumba za chini. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi za watu, na mitaa ya Waafrika ikapewa nyumba za chini zenye vyumba vya kupangisha; Magomeni na Temeke zilikua kwa namna hiyo, na Manzese ikafuata yenyewe bila kupimwa. Mitaa iliyokuwa ukingoni mwa mji sasa imo kiunoni mwake, na njia ya basi inapita mlangoni. Hata jina la kituo cha Urafiki lina somo ndani yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968, na kando yake zikajengwa kota za ghorofa ili mfanyakazi aende zamu yake kwa miguu.

Hapa inafaa niseme jambo ambalo waandishi wengi wa habari za majiji hulikwepa. Mitaa ya Uswahilini haina watu wachache. Chukua viwanja vinne, kila kimoja mita 12 kwa 24. Vikiwa na nyumba nne za Kiswahili, tayari vina vyumba 24, pengine familia 24. Ukiviunganisha, ukaacha zaidi ya nusu ya eneo kwa uwanja, mwanga na hewa, ukajenga ghorofa tano, utapata nyumba thelathini hivi, kila moja ikiwa na vyumba viwili, sebule, jiko na choo chake. Kwa hiyo nyongeza ya familia ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba familia iliyokuwa na chumba kimoja na choo cha kugombea sasa ina nyumba. Huo ni ushindi mkubwa wa afya na wa heshima, ila tusidanganyane kwamba hapo ndipo watakapoingia watu milioni moja. Hao wapya watafutiwe kwanza ardhi ya umma iliyolala karibu na vituo, na mitaa ile ya wakubwa ambako kiwanja kimoja kikubwa kina familia moja na mlinzi wake. Uswahilini ifuate baadaye, polepole, na kwa ridhaa ya wenyewe.

Kwa nini nasema kwa ridhaa? Kwa sababu historia ipo. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo na makuti na kujenga za matofali mahali pale pale. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho, lakini kila nyumba mpya ilitanguliwa na nyumba iliyobomolewa, na fedha nyingi zikaongeza makazi machache tu. Miaka ya 1970 ikaja na mwelekeo mwingine. Mitaa ya namna ya Manzese ikaachwa isimame, ikatiwa barabara na maji, na viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili mwananchi ajijengee.

Mfano ulio karibu zaidi ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa katika kota zile za zamani, na nyumba zao zikabomolewa, kwa ahadi kwamba zitajengewa nyumba mpya. Kiwanja kikabaki uwanja mtupu kwa miaka, wenyeji wakitawanyika huku na huko kwa ndugu na kwenye vyumba vya kupanga. Nyumba mpya za ghorofa zilizinduliwa mwezi Machi 2022. Mahali pake ni pazuri mno: Barabara ya Morogoro iko jirani, na kituo cha basi ni mwendo mfupi. Nimesimama chini ya maghorofa yale nikayatazama, na nimeridhika kwamba serikali ilitimiza ahadi kwa watu wale wale, haikuwapa wageni wenye fedha. Lakini mtoto aliyeondolewa akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa kijana. Mji unaotaka kujenga upya karibu na vituo lazima uanze na mahali pa kuwahifadhi wenyeji wakati wa ujenzi, tena katika mtaa ule ule, ili shule ya mtoto na biashara ya mama visikatike.

Na hiyo biashara ya mama isisahauliwe na mchoraji wa ramani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, na baraza ni duka. Hapo huuzwa vitumbua, maandazi, mkaa wa kupima, barafu na kanga za mkopo. Mwanamke aliyepandishwa ghorofa ya nne amepata choo cha ndani, akapoteza riziki. Kwa hiyo chini ya kila jengo iachwe safu ya vibanda vidogo kwa wakazi wenyewe, kwa kodi ndogo. Jiko liwe na dirisha linalofunguka na moshi utoke, kwa kuwa si kila nyumba itapikia gesi siku zote za mwezi. Zikibaki siku tano kabla ya mshahara, mkaa hurudi. Pawepo pa kuanika nguo pasipo juu ya kichwa cha jirani. Maji yafike ghorofa ya juu hata umeme ukikatika, ama sivyo wasichana wa jengo zima watapandisha ndoo. Nimeona jengo moja, silitaji, lililosifiwa sana siku ya uzinduzi, ambalo lifti yake iliharibika ikageuzwa stoo ya mafagio. Bibi mmoja wa ghorofa ya sita alikuwa hajashuka chini kwa wiki tatu. Kwa makabwela ghorofa nne au tano zenye ngazi pana zinatosha. Sheria ya kumilikisha sehemu ya jengo Tanzania inayo tangu mwaka 2008, hivyo mwenye nyumba ya zamani anaweza kuingiza kiwanja chake katika ujenzi na kupata hati ya nyumba mbili tatu ndani ya ghorofa. Anayesahauliwa daima ni mpangaji, ambaye hana hati wala mjumbe wa kumsemea. Nyumba za Morocco Square za Shirika la Nyumba ziko penye tawi la mwendokasi, ni majengo ya fahari, lakini bei yake si ya mtu anayepanda mwendokasi.

Sharti lingine ni maji ya mvua. Mtu akitazama ramani ataona uwanda mkubwa wa Jangwani katikati ya Magomeni na Kariakoo, wazi kabisa, na kituo kipo. Asishawishike. Hapo ni kitanda cha Mto Msimbazi, na mto hurudi kulala kitandani pake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu makazi ya bondeni, na karakana ya mabasi yenyewe, iliyojengwa Jangwani, imefunikwa na maji mara nyingi. Lakini yaliyofuata mafuriko yale nayo ni somo. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali sana kaskazini mwa jiji. Walipewa ardhi salama isiyo na kazi karibu. Wako waliojenga wakakaa, na wako waliorudi bondeni, kwa kuwa mtu anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kuishi mahali ambapo nauli ya kwenda kazini ni nusu ya ujira wake.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili kwa namna zao. Mji wa Curitiba, Brazili, ulianza mwaka 1974 kupitisha mabasi katika njia zake za pekee, na hapo hapo ukaandika katika sheria zake kwamba majengo marefu yaruhusiwe kando ya njia hizo, na mbali nazo yawe mafupi. Basi na ghorofa vikakua pamoja kama mahindi na maharage katika shamba moja. Kasoro yake ni kwamba ardhi ya kando ya njia ilipanda bei, na maskini wakasogea nje ya mji. Kwa majirani zetu wa Ethiopia mambo yalikwenda kinyume. Addis Ababa ilijenga maelfu kwa maelfu ya nyumba za ghorofa kwa watu wa kipato cha chini, zikigawiwa kwa bahati nasibu, kazi ya kupongezwa. Lakini nyingi zilisimamishwa ukingoni mwa jiji ambako ardhi ilikuwa rahisi. Reli nyepesi ya mjini ilipofunguliwa mwaka 2015, nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa mbali nayo.

Shemeji yangu nilimweleza haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Kisha akanipiga kwa hoja moja. "Sinza nayo," alisema, "ilikuwa pori. Waliokwenda miaka ile walichekwa. Leo nani anaweza kununua kiwanja Sinza?"

Ni hoja nzito, na sikutaka kuipuuza. Lakini Sinza ilipimwa ikiwa jirani ya mji, si kilomita 20 kutoka katikati. Ilikuwa na mitaa iliyochorwa, na nafasi ya shule na soko. Mji ulipokua haukuwa na safari ndefu ya kuifikia. Anayenunua leo vilimani Kibamba ananunua mahali ambapo vijia vya kwenda nyumbani vinakatwa na makorongo kila masika. Hata hivyo simlaumu. Mtu hununua kinachouzwa, na kilichokuwa kikiuzwa kwa akiba yake ni kile cha Kibamba. Karibu na kituo hakuna aliyemwuzia kitu cha kiasi chake. Hapo ndipo mamlaka za mji zinapopaswa kuulizwa: kwa nini fundi wa cherehani mwenye akiba ya miaka sita hawezi kuitoa kama malipo ya kwanza ya nyumba ya vyumba viwili juu ya ghorofa Ubungo au Manzese, akamalizia kidogo kidogo kwa kodi ile ile anayolipa sasa?

Na miji yetu sisi majirani, Bujumbura, Kigali, Kampala, Goma, ina bahati moja ambayo Dar es Salaam haikuwa nayo. Njia kubwa za mabasi kwetu kwa sehemu kubwa bado ni michoro. Panapochorwa kituo, hapo hapo pachorwe nyumba, na ardhi ishikwe na umma kabla ya walanguzi kusikia habari. Kwa sasa walanguzi husikia kwanza.

Asubuhi ya kuondoka kwangu mdogo wangu alinisindikiza hadi kituo cha Manzese. Tulitembea dakika tano. Njiani alinunua chapati mbili kwa jirani, akamwachia mwingine ufunguo, akamkumbusha mwanawe, aliyekuwa akienda shule kwa miguu, asisahau daftari. Nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini, maana usiku wote alikuwa amemwachia mumewe maneno.

"Nataka choo changu, dada," alisema. "Na nataka kuendelea kufika kazini kwa wakati."

Ule mchoro wa viwanja aliandika baadaye kwamba bado uko juu ya kabati, umekunjwa, na mwenye viwanja ameongeza bei.